Usiseme Karibu

Machi 3

Wamenifungia. Sina neno lingine la kulipamba. Mlango wa kwanza, halafu kijichumba chenye sinki na magauni ya wageni, halafu mlango wa pili wenye kioo, halafu mimi. Dirisha halifunguki. Nililijaribu nesi alipogeuka, akaniona kwenye kioo cha mlango. Linatazama bati la chumba cha jenereta na uani wanakoanika mashuka ya hospitali. Mvua ya kwanza imeanza leo, nikaona wafuaji wakikimbiza mashuka ndani, wanacheka, midomo inafunguka, na sisikii kitu.

Daktari amenieleza tena. Uboho wangu, ule uteute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeharibika, unazaa saratani. Watauua wote kwa dawa, kisha watanipa wa mdogo wangu. Ukishika, nitapona. Usiposhika, au ukishika halafu ukanikataa, basi. Hakusema basi nini, na mimi sikumuuliza.

"Utakuwa huna seli za kinga hata moja," akasema. "Utakaa humu mpaka seli mpya ziote."

"Kwa hiyo nimewekwa seli nisubiri seli."

Hakucheka. Nesi ndiye aliyecheka, kisha akajikaza.

Machi 4

Huyo nesi nimempa jina: Sajenti. Ana sheria za kila kitu. Matunda ya kumenya tu, na ameyamenya yeye. Maua hapana. Kalamu yangu hii imefutwa kwa dawa mpaka maandishi ya ubavuni yamefutika.

Sheria kubwa aliiacha mwisho. "Mtu akibisha hodi, dada, usiseme karibu."

"Mimi nimelelewa bwana."

"Najua. Wote wanaolala humu wamelelewa vizuri, ndiyo shida yenyewe. Mtu anafika hapo kijichumbani, anasema hodi kabla hajanawa, mgonjwa anajibu karibu, na yule anaingia. Mdomo unatangulia akili. Huku kwangu, neno karibu nasema mimi peke yangu."

Nikamwambia sawa, afande.

Machi 7

Nywele zimeanza kutoka. Mimi, msusi! Vichwa vya mtaa mzima vimepita mapajani kwangu. Nimemwomba Sajenti aninyoe zote kabla hazijanichokesha. Ananyoa vibaya.

Machi 9

Nimeongea na binti yangu kwa simu ya picha. Yuko darasa la sita, amebaki nyumbani na mjomba wake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko dawa. Mdogo wangu huyu ni fundi wa friji, na wateja wake ndio waliompa jina: Kesho. Friji yangu vipi, fundi? Kesho, mama. Na ile ya wiki iliyopita? Kesho, mzee. Mimi mwenyewe nina friji mbovu nyumbani, fundi ni ndugu yangu wa tumbo moja, na maziwa yangu nanunua ya siku kwa siku.

Walipopima familia nzima, binamu, shangazi, wote, aliyelingana nami ni yeye tu. Mungu naye ana utani wake.

"Mjomba amekupikia?" nikamuuliza binti.

"Ndiyo."

"Nini?"

Akamwangalia mtu pembeni. "Amesema niseme wali."

Machi 12

Leo ndiyo leo. Nilidhani ni upasuaji, kumbe ni kamfuko kadogo, rangi ya nyanya iliyosagwa, kananing'inia juu yangu kama damu ya kawaida. Hayo ndiyo maisha yangu yote, katika kitu ambacho ungeweza kukiweka mfukoni.

Sajenti akafungua kibomba walichoniwekea kifuani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

"Huyu mgeni namjua mimi. Atafika kesho."

Nimecheka mpaka Sajenti akanikataza. Halafu nikalia, naye akajifanya anasoma mashine.

Machi 13

Kutapika tu.

Machi 18

Mdomo wote vidonda. Siongei, naandika. Mvua kila siku, uani hakuna shuka.

Daktari amekuja na mfano. Huyu ni mtu wa mifano, hawezi kukwambia saa bila mfano, na leo sikuwa na mdomo wa kumkatiza, ikabidi nisikilize. Kumbe zile seli za Kesho hazikupelekwa kwenye mifupa yangu na mtu. Zimewekwa tu kwenye damu. Mifupa yenyewe inatoa ishara, kitu kama harufu ya jikoni, na seli zinaifuata mpaka nyumbani. Zikifika, bado hazina kazi. Pale pale mfupani zinaambiwa: wewe utabeba hewa, wewe utaziba majeraha, wewe utakuwa mlinzi. Ujumbe unazigusa kwa nje, ndani kila kitu kinabadilika.

Nikaandika: NA ZIKIKATAA KUAMBIWA?

"Isiyopata ujumbe hufa," akasema. "Haiishi kwa kuishi tu. Lazima isikie mtu anaihitaji."

Akaniambia na jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Kabla ya kumtoa Kesho hizo seli walimdunga sindano siku kadhaa, sindano za ujumbe, zinazoziambia seli zizaliane na zitoke mifupani. Watu wengi hulia usiku. Kiuno, mbavu, mapaja, vyote vinapasuka.

Mimi wakati huo nilimpigia simu nikamgombeza kwa nini hajalipeleka begi la shule kwa fundi. Akanijibu, "Kesho, dada." Nikamkatia.

Machi 21

Bado.

Machi 24

Bado. Sajenti anakuja asubuhi na karatasi ya vipimo, namsoma usoni kabla hajafungua mdomo. Nimeanza kumchukia kwa ajili ya uso wake.

Machi 29

ZIMEOTA! Chache mno, Sajenti anasema ni za kuhesabu kwa vidole, lakini si zangu, ni za Kesho, ziko mifupani mwangu na zinafanya kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu amelichukua mwenyewe.

Nimempigia simu. Nilitaka kusema asante. Nikasema, "Friji je?"

"Kesho, dada," akasema, na nikasikia anatabasamu.

Aprili 2

Nimefanya ujinga.

Nilikuwa nimesinzia. Tangu niingie humu sijawahi kulala usingizi wa raha kama ule, uji umekaa tumboni, mdomo hauumi. Nikasikia, "Hodi, hodi." Sauti ya nyumbani. Ndotoni niko kwenye kibanda changu cha kusukia, mteja mlangoni. Nikasema, "Karibu!"

Mlango ukafunguka, Kesho huyo. Gauni liko mkononi, hajalivaa. Mikono mikavu. Ameloa mvua kichwani, anatabasamu meno yote, ameshafika karibu na kitanda, kisha akapiga chafya.

Moja tu. Alijiziba, lakini kwa kiganja.

Sajenti aliingia mbio akamshika shati la mgongoni akamtoa kama mbuzi aliyeingia shambani. Nilisikia kijichumbani, "Nani amekwambia uingie?" na Kesho akijibu, "Dada amesema karibu."

Ni kweli. Nilisema.

Aprili 5

Homa.

Aprili 6

Homa. Mafua yenyewe ni madogo, mafua ya watoto wa shule. Kwa mtu mwingine ni leso mbili. Kesho anapiga simu, sipokei.

Aprili 10

Homa ilishuka jana, tukashangilia mapema.

Leo nimeamka viganja vinawaka. Nikadhani nimelalia mikono. Nikawasha taa: vyekundu, na nyayo pia, na masikio. Kufikia mchana kifua chote. Inawasha, halafu inaunguza. Hii mikono ndiyo kazi yangu. Nimesuka nayo tangu nikiwa msichana, imenilelea mtoto, nayo sasa sithubutu kufumba ngumi.

Daktari alikuja akavishika viganja vyangu kwa glavu zake, akakaa kitini. Madaktari hawakai kitini bure.

"Ni seli za ndugu yako," akasema. "Zinakupiga."

"Si umesema tumelingana?"

"Mmelingana sana. Si kila kitu." Akatafuta mfano, nikamwona anautafuta. "Seli za ulinzi husomea mahali padogo nyuma ya mfupa wa kifua. Zinaonyeshwa sura ya mwili wenyewe. Inayotaka kuupiga mwili wake inapewa ishara ijiue. Ni shule kali. Sasa hizi zako zilikuja zimeshamaliza shule, lakini zilisomea kwa Kesho. Sura zinazozijua ni za kwa Kesho. Kwako, mlango unafanana, dirisha linafanana, lakini pana kitu si chenyewe."

"Tangu Machi zimo humo. Mbona hazikunipiga?"

Akamwangalia Sajenti, Sajenti akatazama chini.

"Seli ya ulinzi haikurupuki, mama. Inapita mlango kwa mlango inabisha hodi. Ikiona kitu kigeni, bado haitoshi. Inasubiri neno la pili, kutoka kwa seli ya jirani inayoiamini. Hodi, halafu karibu. Ikipata yote mawili, inaingia na rungu, na inaita wenzake. Ikipata hodi bila karibu, inakaa chini, inalala. Ndivyo mwili unavyojizuia usipigane ovyo."

"Na nani amesema karibu?"

"Homa ikiingia, majirani wote wanaamka. Wanapiga kelele kuna hatari. Kelele hizo ndizo karibu."

Nje mvua inalipiga lile bati la jenereta, naliona linatikisika.

"Yaani nimesema karibu mara mbili," nikasema. "Kwa mdomo, halafu kwa mwili."

"Si hivyo hasa," akasema. Lakini ndivyo hivyo hasa.

Aprili 11

Ngozi inatoka. Tumbo nalo limeanza. Sajenti amenibadilisha mashuka mara zisizo na idadi, hanung'uniki, nami namtukana.

Aprili 12

Nimeipokea simu ya Kesho. Afadhali nisingeipokea.

Akasema pole, akasema pole, akasema pole. Nikamwambia, "Kesho, tangu uzaliwe sijawahi kupata kitu chako kikafanya kazi. Friji, ahadi, mpaka damu. Hata damu yako haitaki kunisikiliza." Nilisema polepole, kila neno lipate nafasi yake. Upande wa pili sikusikia kitu. Nikadhani mtandao. Kisha akasema, "Nimesikia, dada," akakata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimepita nguo, kipo mifupani. Nakikimbia vipi? Mtu aliyefungiwa chumbani anaweza kuota mlango. Mimi hata nikitoka humu natoka naye, anatembea ndani yangu na rungu, anabisha. Nimewaza leo niking'oe hiki kibomba cha kifuani na kila kitu kiishe. Naandika ili nisifanye hivyo.

Aprili 13

Sikufanya.

Aprili 14

Dawa mpya. Daktari amesema haizibi hodi, hodi haizuiliki, seli itabisha tu. Inamziba mdomo yule jirani anayesema karibu.

"Na hizo seli?"

"Zitabisha, zitabisha, hazitajibiwa. Nyingi zitakaa chini. Zitazoea kwamba hapa si pa kupigana."

"Mnaziua?"

"Hapana! Tunazihitaji. Zenyewe ndizo zitakazowinda saratani iliyobaki, kama ipo. Tukizinyamazisha mno, saratani inarudi. Tukizinyamazisha kidogo, zinakumaliza. Tunatafuta katikati."

Sajenti alipokuwa anaifunga ile chupa nikamwambia dawa hii ina tabia yake yeye. Akasema asante.

Aprili 17

Hakuna tofauti. Viganja vibichi. Kesho hapigi simu.

Aprili 19

Hakuna tofauti.

Aprili 21

Binti amepiga mwenyewe. Nilimwambia aisogeze simu, kwa sababu kichwani kwake niliona mambo. Matuta. Matuta matano yaliyopinda kila moja na njia yake, moja limeanzia sikioni likafia utosini.

"Nani amekusuka?"

"Mjomba. Alikuwa anaangalia video. Mama, usicheke, shuleni wameshacheka."

Sikucheka. Fundi wa friji, vidole vyake vile vya spana, amekaa kitako akagawanya nywele za mtoto. Nikamuuliza mjomba yuko wapi, mbona haji.

"Anakuja," akasema mtoto. "Kila siku akitoka kazini. Anakaa huko chini kwenye benchi. Anasema akipanda juu atakuua."

Nikaiegemeza simu kwenye mto.

"Na nyumbani ananawa sana, Mama. Anasugua mpaka hapa. Mikono yake inatoka ngozi. Na akikohoa kidogo tu haingii chumbani kwangu, anasimama mlangoni anaita hodi, nikisema karibu hataki. Anasema mpaka ahakikishe." Akasogeza mdomo kwenye simu. "Na friji inafanya kazi. Ameitengeneza ile wiki ya homa, usiku, alikuwa hawezi kulala. Amenikataza kukwambia."

"Kwa nini?"

"Alisema utamuuliza mwenyewe."

Baada ya simu Sajenti alinikuta nimejifunika shuka mpaka kichwani. Hakuniuliza. Nilimuuliza mimi: "Kuna mtu anakaa benchi la chini?"

"Yule mwenye mwavuli uliovunjika? Yupo. Tangu nimweleze ile dawa, ananiuliza kila siku swali moja: zimekaa chini?"

Na mimi nilikuwa nimemwambia nini huyu mtu! Mungu wangu.

Aprili 22

Nimempigia, hakupokea. Nimempigia tena.

Aprili 23

Sijapona, lakini nimefumba ngumi. Ya kulia. Iliuma, nikaifumba tena.

Aprili 26

Wekundu wa kifuani unafifia. Daktari ameugusa, akasema tusubiri tu. Siku hizi nampenda zaidi asipokuwa na mfano.

Nimemtuma Sajenti benchini. Nikamwambia amwambie zimeanza kukaa chini. Amwambie pia dada yako anauliza friji. Alirudi akaniambia, "Amelia." Kisha akaongeza, "Amesema iko baridi."

Mei 5

Tumbo limetulia. Nimekula kiazi kizima.

Mei 13

Mvua imekatika. Mashuka yamerudi kamba zote, meupe, na leo nimegundua nayahesabu kama watu: kila shuka ni kitanda, kila kitanda kuna mtu amefungiwa mahali. Kesho amekuja mpaka mlango wa kwanza, Sajenti amemvuta mkono. Alisimama nje, kwenye kioo cha mlango huo, hakukubali kuingia hata kijichumbani. Akainua viganja vyake kunionyesha: vimebambuka kwa sabuni. Nikainua vyangu. Tulikuwa kama viazi viwili vimemenywa na mtu mmoja. Nikacheka, naye akacheka, hatusikiani.

Nilimwambia kwa midomo, nisamehe. Sijui kama alinisoma.

Mei 20

Wamepima kundi la damu. Langu limebadilika, sasa ni lake. Nilizaliwa na moja, nitakufa na jingine, kwa kuwa mdogo wangu aliumwa kiuno asiniambie.

Daktari anasema bado nitameza dawa miezi mingi, bado mafua ya mtu yanaweza kunirudisha humu. Seli mpya zinazozaliwa sasa zinasomea kwangu, shuleni kwangu, ingawa kwa umri wangu shule yenyewe imechakaa na mwalimu ni mmoja. Zitachelewa, lakini hizo zitaijua sura yangu.

"Kwa hiyo natoka lini?"

"Kesho."

"Kesho yupi?" nikauliza, na kwa mara ya kwanza tangu Machi yule mtu alicheka.

Mei 21

Naandika nikiwa nimevaa nguo zangu. Zinanipwaya. Begi liko mlangoni, na ninaogopa, niseme ukweli. Nimelia kutaka kutoka humu na sasa nautazama ule mlango nataka ufungwe tena.

Alikuja asubuhi. Nilimwona kwenye kioo akiingia kijichumbani, ananawa, anavaa gauni, barakoa, anafunga kamba za nyuma kwa taabu. Amenyoa ndevu. Akausogelea mlango wa pili, akasimama. Hakubisha. Akamwangalia Sajenti.

Sajenti akakunja mikono. "Leo neno ni lako, dada," akaniambia. "Nimekuachia."

"Hodi," akasema Kesho. Sauti ndogo ya mtu anayeomba kitu asichostahili.

Nilikuwa nimelisema neno hilo mara elfu maishani bila kulifikiri, kwa wateja, kwa majirani, kwa wadai. Leo lilinikwama. Nikawaza zile seli zake ndani yangu, zimeketi.

"Karibu," nikasema. "Karibu, mdogo wangu."

Akashika kitasa. Halafu akakiachia, akavitazama viganja vyake, akarudi kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kunawa upya, kidole kimoja kimoja.

Nikakaa kitandani kumngoja.